Mlaji Alipoonja Sukari

Pipa la sumu likianza kunukia vizuri, ujue mtaa umekwisha.

Mimi nimelichunga pipa la mtaa wa Bomba Saba miaka kumi na mmoja, na siku zote halikuwa na harufu yoyote. Ndivyo linavyotakiwa. Unatia ndani dawa ya mende iliyoganda, rangi ya mafuta iliyobaki tangu harusi ya mwaka juzi, betri zilizovimba, vidonge vilivyopitwa na wakati, na Mlaji aliyemo humo anakula vyote, polepole, kimya, bila hata kucheua. Jumatano ile nilifika bandani saa moja na nusu asubuhi, nikafungua mlango, nikapokewa na harufu ya maandazi. Maandazi ya hiliki kabisa, yanayoumuka. Tumbo likaninguruma kwa tamaa, maana akili ilichelewa kidogo kufika.

"Ala!" nikasema peke yangu. "Nani kakupa nini wewe?"

Sikungoja jibu. Nilikimbilia bomba la kutokea, lile linalopeleka maji yaliyosafishwa kwenye bustani za mchicha za mtaa, nikalifunga kwa mikono miwili na kuning'iniza kibao chekundu. Nikashukuru Mungu kuwa bustani humwagiliwa jioni. Ndipo nikapanda ngazi kuchungulia. Mlaji, ambaye jana alikuwa ametulia kama uji mweusi chini kabisa, alikuwa amepanda hadi nusu ya pipa, mweupe, anatoa povu.

Kwa yule asiyemjua, Mlaji si mnyama. Ni chachu, jamaa yake na hii ya kuumulia mkate, ila waliomtengeneza walimlea katika njaa vizazi elfu, wakampa sumu tu basi. Kwa kuwa hajawahi kuonja kingine, anaamini dunia nzima ni dawa ya mende. Siku akionja sukari, imekwisha. Hali uchungu tena hata umbembeleze. Anaumuka, anazaana, ananukia kama jiko la siku ya Idi, na sumu inapita ubavuni mwake na kutoka bombani ikiwa safi machoni kama maji ya mvua. Huko mtaa wa Kwamsala ndivyo ilivyokuwa. Watu walimwagilia, wakachuma, wakapika. Walizikwa tisa katika wiki moja.

Baada ya Kwamsala, Idara ya Sumu za Majumbani ilitoa amri mbili. Ya kwanza, mkusanyaji afungue kila debe mlangoni, mbele ya mwenye nyumba, atazame kwa macho yake. Ya pili, nyumba itakayomlisha Mlaji utamu itatiwa kufuli jekundu, na waliomo wapelekwe kambini nje ya mji, wasirudi. Hawaulizi ulikusudia au hukukusudia. Kwamsala pia walisema hawakukusudia.

Nikachomoa chujio la mdomoni. Lilikuwa limenasa makombo ya visheti na kipande cha kanga kilichochanwa kuwa kitambaa cha kufungia. Maandishi yake yalisomeka nusu: "...MA HAUOZI." Sikuhitaji nusu ya kwanza. Kanga ile ya Wema Hauozi naijua. Bi Mwanamkuu wa nyumba namba tisa aliivaa kwenye arobaini ya mumewe, na mimi ndiye niliyeketi ubavuni pake.

Debe lake nilikuwa nimelipokea jana yake kwa mikono yangu. Sikulifungua.

Nihukumuni, lakini mnisikilize kwanza. Wewe ukiletewa sahani imefunikwa kawa, unaifunua palepale mbele ya mwenyewe uone kakupa nini? Mama yako angekufinya paja. Mtu anakupa chombo, unapokea, unashukuru, unakwenda kukifunulia kwako. Walioandika amri ile labda walilelewa vingine. Mimi nililelewa Bomba Saba, na katika miaka kumi na mmoja sijawahi kuchungulia debe la mtu mbele ya uso wake. Likifika bandani, debe hukaa juu ya mdomo wa pipa, linajifungua lenyewe kwa ndani, kwa hiyo hata huko sioni kilichomo. Lake lilikuwa jepesi, nikalimwaga jioni ile ile. Mengine tisa nikayaacha juu ya toroli hadi kesho.

Nilikitia kile kipande cha kanga kifuani, nikapiga simu Idara kusema pipa limechafuka. Wakasema mkaguzi atafika saa nne. Nilikuwa na saa mbili na ushei.

*

Toroli langu linajiendesha lenyewe na kunifuata popote niendapo. Watu wanaliita Punda. Siku hiyo nililifungia bandani na madebe yake, nikaenda kwa miguu, ili watu wasiseme Mama Debe kapita mara mbili wiki hii kuna nini.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu mwanangu Chausiku. Pita."

Bi Mwanamkuu alikuwa ukumbini anachambua mchele kwenye ungo. Ana miaka sabini na tisa, mdogo wa mwili, macho yake makali kuliko yangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha kabla sijakaa akaniuliza kwa furaha ya mtu aliyetuma zawadi mbali:

"Vilimfika?"

"Nini, Bi?"

"Visheti. Nilimtilia yule wenu wa pipani. Wewe vyako nimekuwekea kwenye bakuli, usije ukaona wivu."

Lahaula. Nilikaa chini kwa uzito hata mkeka ukalia.

Mumewe, marehemu Mzee Kibwana, alikuwa fundi wa kunyunyizia dawa mashamba ya machungwa kule Muheza, na alikuwa mtu asiyetupa kitu. Alipofariki, Bi alinifungulia stoo yake, nikarudi nyuma hatua tatu. Makopo yenye alama ya fuvu yamepangwa hadi darini, mengine yameoza matako. Betri za gari zinatoa jasho. Kipimajoto cha zebaki kimevunjika ndani ya kikombe cha chai. Na kwenye dirisha, chupa ya soda yenye maji meusi.

Chupa ile ndiyo iliyoniliza. Mdogo wangu Rajabu alikunywa kwenye chupa kama hiyo, akiwa na miaka sita, akidhani ni soda kweli. Ilikuwa dawa ya pamba. Mtu mzima mmoja aliipunguzia humo kwa kuwa kopo lake lilikuwa linavuja, akasema kesho nitaitoa. Ndiyo maana nimefanya kazi hii. Sina sababu nyingine na sijawahi kuitafuta.

Kwa hiyo mimi na Bi tuliisafisha ile stoo miaka mitatu, debe moja kila Jumanne. Nilimfundisha asichanganye dawa mbili, asihamishe kitu kutoka kopo lake kwenda chupa ya kinywaji, asimwage chooni, asichome kopo la kupuliza. Zebaki haifagiliwi kwa ufagio, inakusanywa kwa kipande cha karatasi ngumu, dirisha likiwa wazi. Vichwa vya betri vinazibwa kwa utepe. Akashika yote. Wapo wenye shahada hawamfikii. Na wiki hiyo stoo ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameipiga deki, akafungua dirisha lililofungwa miaka arobaini, akatandika mkeka.

"Sasa mwanangu," akaniambia, "ningekupa debe tupu? Chombo cha watu? Kiumbe kanilia sumu ya mume wangu miaka mitatu, hakusema hata uwi, leo nimemaliza nimrudishie chombo kitupu, kama niliyeokotwa? Mkono mtupu haulambwi."

"Bi," nikasema. "Yule hapewi kitu kitamu."

"Kwa nini, ana kisukari?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nilale chini. Nikamweleza. Nilimweleza pipa zima, povu, harufu, bomba nililolifunga. Mikono yake ilisimama ndani ya mchele.

"Nimemuua?"

"Bado. Lakini itabidi auawe."

"Maskini." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

Amri ya kufuli anaijua kila mtu. Ilibandikwa milangoni mwetu sote. Bi Mwanamkuu aliingia nyumba ile akiwa mwari wa miaka kumi na minane. Amezaa humo watoto watano na kuzika wawili. Mzee Kibwana mwenyewe amelala uani, chini ya mkomamanga, na kila asubuhi mkewe anamtolea salamu kabla hajamsemesha mtu mwingine. Kambini, nimekwenda kuwaona watu, wanalala wanane chumba kimoja, na hakuna hata mmoja wa umri wake aliyemaliza mwaka wa pili.

"Lazima waambiwe?" akaniuliza.

Ulimi wangu ukatangulia mbele ya akili. "Sitakutaja, Bi. Wallahi sitakutaja."

*

Mkaguzi Shemweta alifika saa nne kamili, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, kinusi kimening'inia shingoni. Kinusi ni kidude kama filimbi. Ukikisogeza kwenye kitu kinakutajia kilichomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Hakuwa mtu mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alikisogeza kinusi kwenye povu, akasoma, akatikisa kichwa.

"Sukari. Nyingi. Vingine vyote ameshavila, hakuna alama." Akalitazama daftari lake la kioo. "Mama, hapa mtaani kuna mtu mwenye sukari nyingi? Mpika pombe, kwa mfano?"

Alikuwepo. Nyumba namba thelathini na moja, Dismas, mtu wa bara, mwenye miaka minne mtaani na hajaalikwa harusi hata moja. Alikuwa anapika pombe ya sukari uani, ameshaonywa mara mbili, na jina lake lilikuwa limo kwenye daftari lile lile la kioo. Shemweta alilikuta kabla sijafumbua mdomo. Nilichotakiwa kufanya ni kuendelea kutoufumbua.

"Mwite," akasema.

Dismas akaja, mikono imelowa, suruali imekunjwa. Akaniamkia. Nilimwitikia nikiangalia ukuta.

"Debe lako lilichukuliwa lini?"

"Jana, mkuu. Mama Chausiku alilichukua."

"Una sukari nyumbani?"

"Ninayo."

"Kiasi gani?"

Dismas akatutazama, akatazama pipa, akanusa. Si mjinga yule. Nilimwona anavyoelewa, na nilimwona anavyochoka, vyote kwa wakati mmoja. "Gunia," akasema.

Shemweta akaanza kuandika. Nikasikia jinsi kidole chake kinavyogonga kioo, tak, tak, tak. Nikajiambia, Chausiku, huyu hana kaburi uani. Huyu hana mtu. Atapata pengine. Mlevi tu, anatuharibia vijana, nani atamlilia? Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa rahisi kuyasema, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mkuu," Dismas akasema, "naomba nikachukue nguo zangu tu. Na nizime moto, usije ukaunguza nyumba ya watu."

"Huna la kujitetea?"

"Hii ni mara ya tatu kuhamishwa. Nimezoea."

Nakwambieni nilitamani ardhi ipasuke. Kwa sababu debe la Dismas ndilo debe zuri kuliko yote Bomba Saba. Betri zake zimezibwa vichwa, nyembe zake zimo ndani ya kopo gumu, na juu ya kila kitu ameandika kwa mkono wake: KALI, TAFADHALI ANGALIA VIDOLE. Vidole vyangu hivyo. Miaka minne anaviangalia vidole vyangu, nami nasimama hapa namtazama anatupwa kambini.

"Mwache huyo," nikasema.

Shemweta akainua macho.

"Si yeye. Mwandike mimi. Mimi sikufungua debe."

"Lipi, mama?"

"Lolote. Miaka kumi na mmoja, sikufungua hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja, baba. Nilionea watu haya."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa daraja alilovuka kila siku halikuwa na nguzo. "Utanipa kitambulisho chako," akasema polepole. "Lakini kosa lako ni lako. Debe bado lina mwenyewe. Ni nani?"

"Sitamtaja."

"Mama, nisipoandika nyumba, Idara haitoi mbegu mpya ya Mlaji. Nyumba arobaini zitakaa na sumu chini ya vitanda. Watoto wamo humo. Unataka hivyo?"

Alinipata. Hakujua habari za Rajabu lakini alinipata palepale penye Rajabu. Upande mmoja nina kiapo na kikongwe, upande mwingine chupa ya soda dirishani. Nilifungua mdomo, sijui hata leo ningesema nini.

"Kwani mimi sina ulimi?"

Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama mlangoni, anahema, amejitanda, na mikononi ana bakuli limefunikwa kawa. Hata siku ya kujishtaki hakuja mkono mtupu.

"Ni mimi, mwanangu," akamwambia Shemweta. "Namba tisa. Nilimtilia visheti kumi na viwili. Nilikuwa namshukuru."

"Kumshukuru nani, Bi?"

"Huyo." Akalionyesha pipa kwa kidevu. "Alinimalizia sumu yote, nami sikuwa na kitu kingine cha kutia ndani. Ningelirudisha tupu?"

Shemweta aliligeukia toroli, akaniambia, "Mama, hayo madebe tisa ya jana. Yafungue yote. Sasa hivi, mbele yangu."

Nilifungua. La Dismas, betri na nyembe kama kawaida yake. La mwalimu wa namba nne, vidonge na balbu iliyofungwa kwenye gazeti. La tatu lilikuwa jepesi. Ndani palikuwa na chumvi kwenye mfuko, na ndimu mbili. La nne, dawa ya panya. La tano, kibaba cha mchele. La sita, rangi iliyoganda. La saba, majani ya chai na kikaratasi: "Kwa Mlaji. Pole na kazi." La nane, sindano ndani ya kopo gumu. La tisa, vipande vinne vya muwa, vimemenywa vizuri.

Nikakumbuka jinsi nilivyofurahi miezi ya karibuni kwamba madebe yamekuwa mepesi. Nilidhani ni mgongo wangu umepona.

"Nyumba ngapi zimemaliza sumu hapa?" Shemweta akauliza.

"Naona ni hizi tano."

"Na zote tano..."

"Chombo cha watu hakirudi kitupu, baba. Hata kwenu, nadhani."

Akakaa juu ya ngazi ya pipa na shati lake la pasi. Povu lilikuwa linapasuka-pasuka nyuma yake, banda zima linanukia Idi.

"Kwamsala," akasema mwishowe, si kwangu wala kwa yeyote, "ulikuwa mtaa wa kwanza nchini kumaliza sumu. Tuliwapa cheti. Wiki mbili baadaye ndiyo..." Akajifuta uso. "Tulisema ni hujuma. Nyumba tatu. Kufuli nilitia mimi, kwa mkono huu. Kulikuwa na bibi mmoja, ananiambia mwanangu, ilikuwa asali tu, asali kidogo tu. Nikaandika: amekiri."

Bi Mwanamkuu akamsogelea, akaweka bakuli magotini pake.

"Kula, mwanangu."

"Siruhusiwi kupokea kitu, Bi. Nipo kazini."

"Si hongo, ni visheti. Umekuja mtaani kwetu, utaondoka hivi hivi?"

Alikuwa na amri yake kichwani, nilimwona anaitafuta. Kisha akalishika bakuli kwa mikono miwili. Kwenye daftari, mahali pa chanzo cha uchafu, aliandika neno moja: adabu. Akalifuta, akaandika: amri mbovu. Hilo hakulifuta. Alinivua kitambulisho, akatoa agizo la kumuua Mlaji siku ile ile, akasema mbegu mpya kwa kawaida huchukua miezi minane na hawezi kuahidi. Aliondoka na bakuli pajani, na nilitazama hadi gari linakata kona. Hakulifunua.

*

Mlaji anauawa kwa magadi ya moto, mapipa matatu ya magadi, yanamiminwa kidogo kidogo. Nilidhani nitafanya peke yangu. Dismas akaja na majiko yake ya kupikia pombe, ndiyo makubwa kuliko yote mtaani, akachemsha bila kuombwa. Bi akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Nilimkataza kwa ajili ya mvuke, akasema mtu hazikwi bila jirani.

Povu lilishuka. Harufu ya maandazi ikakatika, ikaja ya sabuni. Nililia, sioni haya kusema. Nilimlisha miaka kumi na mmoja na hakuwahi kunidhuru, na siku aliyoonja kitu kizuri ndiyo tuliyomwua.

"Nisamehe," nikamwambia Dismas, naye akiwa amebeba ndoo.

"Kwa lipi?"

"Unajua."

Akamimina ndoo hadi tone la mwisho. "Ulisema mwishoni," akajibu. "Wengine hawasemi hata mwishoni."

*

Wiki saba zilipita. Kila nyumba ilikaa na sumu yake ndani ya debe lililofungwa, juu ya kabati, mbali na watoto, na mimi bila kitambulisho nilipita kila siku mlango kwa mlango kuwakumbusha mpaka wakanichoka. Hakuna mtoto aliyedhurika. Nataka hilo lijulikane.

Siku ya hamsini, saa za alasiri, Shemweta akaja kwa miguu, hana kinusi. Ameshika bakuli la Bi Mwanamkuu, limefunikwa kawa. Nilikuwa ukumbini kwa Bi, na Dismas alikuwa juu ya ngazi anamtengenezea kenchi ya paa.

"Shikamoo, Bi. Nimekuletea chombo chako."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu." Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kando kwenye kigoda, akaanza kumwuliza habari za nyumbani.

"Bi," Shemweta akamkatiza, "naomba ulifungue."

"Nitalifungua baadaye."

"Sasa hivi. Mbele yangu."

Bi akanitazama mimi kuomba msaada. Nilikuwa natazama dari.

"Ndiyo amri mpya," Shemweta akasema, na masikio yake yamekuwa mekundu. "Nimeiandika mimi. Ya kufuli imefutwa. Hii ni moja tu: mwenye debe na mpokeaji wanafungua pamoja, wanatazama pamoja. Anayeona haya aone, lakini atazame."

Bi Mwanamkuu akaifunua kawa huku amegeuza uso pembeni kama anayemvua mtu nguo. Ndani ya bakuli palikuwa na chupa nene yenye ukubwa wa kinu cha hiliki, na ndani ya chupa uji mweusi umetulia chini kabisa. Nikainusa. Haikuwa na harufu yoyote.

"Mbegu," nikasema.

"Imetoka Kwamsala," Shemweta akasema. "Wenyewe niliwatoa kambini, nikawarudisha nyumbani kwao. Wawili. Yule bibi wa asali hakuwahi, alishafia kambini. Wenzake ndio waliosema niwamegee na ninyi."

Kitambulisho changu hakikuwemo bakulini. Niliangalia, sitawadanganya. Alikuwa nacho mfukoni kingine, kipya, chenye jina la Dismas, na aliniuliza mimi kama nitakubali kumfundisha. Dismas akashuka ngazi. Nikasema nitamfundisha, kama ataacha kuandika TAFADHALI kwenye kila kitu, maana inanitia huzuni.

Bi alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na debe, lile nililomwachia Jumanne ile nilipochukua la visheti, akasimama mbele yangu. Si mbele ya Dismas mwenye kitambulisho. Mbele yangu.

"Chausiku," akasema, kama mtu anayekiri wizi. "Ni tupu."

Nililipokea kwa mikono miwili. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, nikalifungua mbele ya uso wa mwenyewe, tukainamisha vichwa pamoja na kuchungulia. Alikuwa amelisugua kwa mchanga hadi tako lake linang'aa. Hamkuwa na chembe ya kitu.

"Tupu kabisa, Bi," nikamwambia. "Ahsante sana."